Picha ya Mdogo Wangu Kwenye Jalada

Wazo la jarida halikuwa langu. Lilikuwa la madamu, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Gitega, ambako nilipata kazi baada ya sisi kurudi kutoka Tanzania. Alikuwa mjane, mwalimu wa zamani, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Mabinti zake wawili walikuwa wamefikia umri wa kupenda wanamuziki, na sokoni walikuwa wakinunua majarida ya Kifaransa yaliyokwisha kusomwa na watu wengine huko yalikotoka. Siku moja ya mvua, wateja hawapo, madamu alinitupia moja juu ya meza.

“We unajua kuchora,” akasema. “Angalia hii. Watoto wanalipenda, lakini hawajui hata mmoja wa hawa watu. Tufanye ya kwetu.”

Kuchora nilijifunzia kwenye kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, kwa kuandika vibao vya vinyozi na majina ya timu za mpira. Baadaye kituo cha vijana kilitufundisha kompyuta. Nilirudi Burundi na cheti ambacho ofisi za huku hazikukijua, na Kifaransa kilichoishia kwenye salamu. Kule Tanzania niliitwa Mrundi tangu nipate akili. Gitega wakisikia Kiswahili changu waliniuliza, “We ni Mtanzania?” Nilichoka kujibu. Nikikaa nyuma ya kompyuta hakuna aliyeniuliza kitu, kwa hiyo nilipenda kukaa pale.

Tulianza na kile madamu alichokiita maketi, yaani jarida la mfano. Tulikunja karatasi tupu katikati, tukazipachika moja ndani ya nyingine na kuzibana kwa pini, kisha tukaanza kugombana juu ya kila ukurasa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika jarida huwezi kuongeza ukurasa mmoja tu. Ukiongeza karatasi, zinakuja kurasa nne, na zote zinadai kitu. Katikati, penye pini, tuliweka picha kubwa ya kubandika ukutani, kwa sababu karatasi ya pale hutoka nzima bila kuchanika. Kisha ukurasa wa maneno ya nyimbo. Ukurasa wa mitindo ya nywele. Ukurasa wa vijana wanaotafuta marafiki. Hadithi ziwe kwa Kirundi, nyimbo kwa lugha zilizoimbwa, na vichwa vya kurasa viwe kwa Kifaransa ili wazazi wadhani ni masomo. Hilo la mwisho lilikuwa la madamu, na alicheka sana alipolisema.

Mimi nilipendekeza ukurasa wa maswali, msichana aandike jambo linalomsumbua na mtu mzima amjibu. Nilikuwa nimeshauchora, na kibahasha pembeni. Madamu akaupiga mstari.

“Tuache hiyo. Wazazi watasema tunafundisha watoto mambo. Muziki tu.”

Jalada ndilo lililotushinda. Nilichora gitaa, akalikataa. Nikachora vijana wanaocheza, akasema wanafanana na tangazo la dawa ya minyoo. “Ukurasa ya kwanza iko kama mlango ya duka,” aliniambia. “Mtu anataka kuona nani iko ndani. Weka uso. Uso ya mtoto kama wao.”

Uso wenyewe ulikuja kwa bahati. Mteja mmoja kutoka Muyinga alikuwa akingoja fotokopi zake huku simu yake ikipiga nyimbo. Kati ya nyimbo hizo ukatoka mmoja, sauti ya msichana peke yake na makofi nyuma. Mkono wangu ulisimama juu ya mashine. Wimbo ule niliujua. Ulianza kuimbwa jikoni kwetu kambini, juu ya mtoto anayemwuliza mama yake nyumbani ni upande gani, na mama kila siku anamwonyesha upande tofauti.

“Nani huyu?” madamu akauliza.

“Sijui,” mteja akasema. “Muyinga vijana wote wanayo. Wanarushiana kwa simu.”

“Ni mdogo wangu,” nikasema.

Madamu aliniangalia, akaangalia maketi iliyokuwa mezani, akarudi kuniangalia. Wiki ile ile alinipa kamera yake na ruhusa ya kwenda nyumbani.

*

Kwetu ni Gasorwe, juu kidogo ya barabara inayokwenda Muyinga mjini. Tuliporudi, tulikuta familia nyingine inalima shamba la marehemu baba. Wazee wa kilima, ndiyo kijiji huku kwetu, waliligawa, wao wakabaki na upande wenye migomba na kahawa, sisi tukapata upande wa mawe. Mama hakulalamika. Alipanda maharage kati ya mawe, na siku za soko aliyapeleka mjini kichwani.

Nilimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Nilipomweleza kuhusu jarida hakufurahi.

“Picha kwenye karatasi,” alisema kwa Kirundi, “ni za waliokufa na za waliopotea.”

Sikumlaumu. Kambini palikuwa na ubao mkubwa wa picha za watoto waliopoteana na wazazi wao njiani, na mama alikuwa akipita mbele yake kila mara tulipokwenda kuchukua chakula. Alikuwa akisimama kuzitazama zote, ingawa kwetu hakuna mtoto aliyepotea.

Mdogo wangu alirudi kutoka shule mchana. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mwenye pengo dogo la meno ya mbele lililoifanya herufi ya “s” itoke na upepo. Shuleni walimtania kwa Kiswahili chake mpaka siku walipojua kwamba ndiye anayeimba kwenye simu zao. Aliposikia nilichokijia alinishika mabega akanitikisa.

“Dada, unanitania.”

“Sikutanii. Jalada zima.”

“Kwa rangi?”

“Kwa rangi.”

Aliingia ndani, akatoka na sketi ya kitenge cha mama, sweta, na raba nyekundu nisizozijua. Alizipata kwa kuchuma kahawa za watu msimu uliopita. Nikamsimamisha mbele ya ukuta wa matofali, kwa sababu ukuta mtupu unaacha nafasi ya kuandika kichwa cha jarida juu ya mtu. Nikamsogelea nichukue uso, kama madamu alivyotaka. Akakataa.

“Rudi nyuma. Viatu vionekane. Dada, tafadhali, usinikate miguu.”

Nikarudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa shamba. Kulikuwa na ukungu na baridi. Mkono mmoja aliuweka kiunoni, na kwa mwingine akalivuta sweta mbele, akalishikilia hapo. Niliona kwamba amenenepa. Nikafikiri ni chakula cha nyumbani, kwamba amani imeanza kumkaa mwilini. Nikafurahi kwa ajili yake.

Nikiwa njiani kurudi nilipita Muyinga mjini, kwa Mwislamu mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye baba yake naye alizaliwa pale pale. Duka lake liliuza madaftari, redio na simu, na alikuwa amemwahidi madamu kuchukua ukurasa wa nyuma kwa tangazo na kuliweka jarida mezani kwake. Nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera.

“Si mtoto wa yule mama wa maharage huyu?” akasema, na uso wake ukachangamka. “Sawa kabisa. Watu wa hapa watanunua tu, wataona mtoto wao.”

*

Nililitengeneza lile jalada kwa moyo wangu wote. Kichwa cha jarida kilikuwa neno moja la Kirundi lenye maana ya “sikiliza”. Nililiandika kwa herufi nene za mkono na kuliweka nyuma kidogo ya kichwa chake, ili nywele zake zifunike sehemu ya herufi ya mwisho, kama mtu aliyesimama mbele ya kibao. Rangi nyekundu niliichota kwenye viatu vyake, nikaitumia kwa maandishi yote. Madamu alisimama nyuma yangu kimya, na kwake kimya kilikuwa sifa kubwa. Tukatoa nakala moja kwenye karatasi nzuri, tukaibandika ukutani, na mabinti zake wakaja kuitazama kila walipotoka shule.

Mama alinipigia kwa simu ya jirani. Mama hakuwa mtu wa kupiga simu.

“Mdogo wako amerudishwa nyumbani.”

“Kwa sababu ya karo?”

“Si karo.” Nilisikia akimwambia jirani asogee kidogo. “Ana mimba. Wamemwona shuleni kabla sijamwona mimi.”

Baba wa mtoto alikuwa kijana wa pikipiki, wa kubeba abiria kwenye barabara ya mpakani. Alipopata habari alivuka kwenda Tanzania. Pikipiki haikuwa yake, aliiacha imeegemea mti, na mwenye pikipiki akaja kuichukua. Hayo ndiyo yote niliyowahi kuambiwa juu yake. Mdogo wangu hakulitaja jina lake mbele yangu hata siku moja.

Niliweka simu chini nikaitazama picha ukutani. Ule mkono ulioshika sweta sasa niliuona vizuri. Alikuwa anajua, au alikuwa ameanza kujua, na bado alicheka na kuniambia nirudi nyuma.

Nilimwambia madamu mimi mwenyewe, maana Muyinga ingemwambia tu. Akafunga mlango wa duka, akakaa.

“Pole, ma fille, binti yangu.” Halafu akasogea kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye kioo, chini ya kidevu cha mdogo wangu. “Bon. Tukate hapa. Uso tu. Nani atajua?”

Nilijaribu. Lakini nilikuwa nimempiga kutoka mbali kwa ajili ya viatu, na uso wake kwenye picha ulikuwa mdogo. Nilipoukuza ukavunjika. Macho yakawa miraba midogo ya kahawia na kijivu, mdomo ukawa ngazi. Nikajaribu kulainisha, ukazidi kuharibika, ukafanana na mtu aliye nyuma ya kioo chenye maji. Madamu alisema niache. Sikuacha. Akaja akaizima kompyuta kwa mkono wake.

Kabla ya wiki kwisha, yule mwenye duka wa Muyinga akapiga simu. Nilikuwepo, na madamu aliweka sauti ya juu ili nisikie mwenyewe.

“Madamu, mi sina shida na mtoto wa watu. Mimi pia iko na wasichana. Lakini direkta wa shule alikuja hapa dukani. Anasema gazeti ikiwa na ile picha, haiingii shuleni. Na wazazi nao wanauliza, mtoto amefukuzwa, nyie mnamuweka mbele kama mfano? Nitawajibu nini?”

Simu ilipokatika nikamwambia madamu kwamba wasichana watakaolisoma jarida ndio hao hao, na kwamba hakuna hata mmoja aliyemwuliza direkta yule kijana yuko wapi.

“Unafikiri mi sijui?” akasema. Hakupandisha sauti. “Nilifundisha miaka mingi. Wasichana kama huyo niliwatoa darasani mimi mwenyewe, wanabeba madaftari yao, wengine wanaangalia dirishani. Najua uso zao. Lakini gazeti ambayo haiingii shuleni, itasomwa na nani? Na mbuzi?”

Akatoa kwenye droo picha ya kijana mmoja mwimbaji kutoka Bujumbura, mwenye kofia iliyogeuzwa na miwani ya jua. Niliitazama, nikasema kwamba nitaiweka, lakini kwanza niende nyumbani, mdogo wangu asije akaliona jarida mezani kwa watu.

*

Nilimkuta jikoni, kwenye moshi, anachochea maharage. Tumbo sasa halikufichika. Mama alikuwa nje, akijifanya anapalilia karibu na ukuta ili asikie.

Niliitoa ile nakala ya rangi kwenye bahasha. Alijifuta mikono kabla ya kuipokea. Akaitazama kuanzia juu mpaka chini, polepole, akafika kwenye viatu, akarudi juu.

“Nimependeza,” akasema.

“Sana.”

“Na hawaitaki.”

“Shule hazitalipokea jarida.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei ya kitu. “Na wimbo?”

“Wimbo madamu anautaka. Maneno yake yatakuwa kwenye ukurasa wa nyimbo.”

“Na jina langu?”

Huko nje jembe la mama lilisimama.

“Andikeni tu ‘wimbo wa Muyinga’,” akasema mdogo wangu. “Nyimbo nyingi hazina mwenyewe. Dada, usilie bwana, moshi peke yake unatosha.”

Mama akaingia. Aliiona ile karatasi mikononi mwa mwanawe na uso wake ukabadilika. “Iondoeni hiyo. Mtu akiingia akaiona, atasema tunajisifu.”

Mdogo wangu hakubishana. Aliikunja mara moja, akaikunja tena, akaisukuma chini ya chungu. Wino wa rangi ulitoa moshi mzito wenye harufu ya plastiki, mama akakohoa mpaka akatoka nje. Sisi wawili tulibaki pale tukidokoa maharage ya chunguni, moja moja, kama watoto.

*

Jarida lilitoka kiangazi. Kofia ya yule kijana ilipendeza, sitasema uongo. Gitega walilinunua, na Muyinga wakalinunua zaidi. Lakini tulipoulizia wasomaji wamependa nini, wengi walitaja ukurasa wa nyimbo. Walikuwa wamekata “wimbo wa Muyinga” kwa wembe na kuubandika ndani ya majalada ya madaftari.

Nilikwenda Gasorwe mdogo wangu alipokaribia kujifungua. Jioni moja tulikuwa tumekaa nje, yeye ameegemea ukuta, miguu imevimba. Wasichana wa shule walipita chini barabarani na madumu ya maji, wakiimba ule wimbo kwa sauti mbili, vizuri sana. Wakafika katikati, wakaruka moja kwa moja mpaka mwisho.

“Wameruka ubeti,” akasema.

Nikamweleza. Maneno hayakuenea kwenye safu ya jarida, na madamu alitaka kupachika picha ndogo ya gitaa chini yake, kwa hiyo ubeti wa tatu ukatolewa. Nilikuwa nimempinga.

“Ule ndio mama anamwambia mtoto ukweli,” akasema. “Bila ule, mtoto anauliza tu, anauliza tu, halafu wimbo unakwisha.”

Nilidhani atawaita awafundishe. Walikuwa karibu, sauti ingewafikia. Alijiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani, na nikasikia kitanda kikilia alipolala.

Alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya Muyinga, kwa shida kubwa, akazuiliwa huko mpaka mama akauza mbegu za msimu kulipa deni la hospitali. Mwaka uliofuata sheria ilimruhusu kurudi masomoni, lakini katika shule nyingine. Akapata nafasi upande wa Mwakiro. Alikuwa akitembea asubuhi na maziwa yakimchuruzika, akifika sare imelowa kifuani, na waliokaa naye dawati moja walikuwa wadogo kwake. Wakamwita “mama”. Hata mwalimu mmoja akamwita hivyo, kwa mzaha. Siku alipoacha hakutangaza. Aliifua sare, akaikunja, akampa jirani aliyekuwa na binti wa kimo chake.

Toleo la pili la jarida tulilipanga mpaka kurasa zote zikajaa. Halikuchapwa. Karatasi zilipanda bei, madamu akaanza kuumwa mgongo na miguu, na mabinti zake wakahamia Bujumbura kusoma. Duka likarudi kwenye vyeti vya kuzaliwa na barua za maombi ya kazi. Mimi nilizichapa hizo miaka kadhaa, Kifaransa changu kikakua kwa njia hiyo, kwa kunakili maombi ya watu.

Mtoto alipoweza kula ugali mwenyewe, mdogo wangu alimwachia mama, akaondoka kupitia mpaka wa Kobero na wanawake wengine waliokwenda kulima mashamba ya watu ng’ambo. Sisi tuliosafirishwa kwa magari na kupokewa kwa hotuba, tukiambiwa tumerudi nyumbani, tulimsindikiza mmoja wetu akirudi Tanzania kwa miguu. Mama hakufika mpaka barabarani. Alisimama pale kwenye maharage, mtoto mgongoni, akawa anamgeuza upande wa pili ili asione.

Mdogo wangu hupiga simu siku za soko. Huuliza kama mvua imenyesha, mtoto amekohoa, mama amepata chumvi. Anaishi karibu na Kibondo sasa, si mbali na kambi iliyofungwa. Anasema mahali palipokuwa nyumba yetu wamepanda mihogo. Safari moja nilimwuliza kama bado anaimba. Nikasikia upepo na sauti za watu wanaopita karibu naye. Akasema mtandao unasumbua, hanisikii vizuri, atapiga siku nyingine.